Paka wa Ndani na Hasara Zake

Miongoni mwa mambo yanayojadiliwa majumbani hapa Bujumbura, limo moja ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo mno kuandikiwa makala: je, yafaa mtu amchukue paka na kumfuga ndani ya nyumba, hali akijua kwamba atachafua na kuharibu? Wapo watakaocheka. Nasi twaona kwamba swali hili lagusa jambo lililo kubwa kuliko makochi na mapazia, yaani namna tunavyokubali kuishi na kiumbe ambaye hakutuomba tumchukue.

Wazee wa Buyenzi hawakuwa na haja ya kuliuliza. Katika mitaa ile yenye namba, penye nyumba za ua na milango isiyofungwa mchana kutwa, paka aliingia na kutoka apendavyo. Alikula vichwa vya samaki, akalala penye kivuli, akaenda haja zake mchangani, na usiku akawinda panya. Aghalabu hakuna aliyejua hasa ni wa nani. Huko Lamu hali ni hiyo hata leo, kwani paka wake huhesabiwa kuwa wa mji mzima. Methali yetu isemayo kwamba paka wa nyumba haingwa ilitungwa na watu waliomjua paka wa namna hiyo, ambaye haingwi kwa sababu amekwisha kujifanya mwenyeji bila ya kukaribishwa na mtu. Lakini sasa wengi wetu twaishi nyuma ya kuta ndefu na milango ya chuma, au orofani katika mitaa ya Rohero, na ua, kama upo, umesakafiwa saruji. Hapo paka hawezi tena kujiamulia. Ama sisi tumtie ndani, ama asiwepo.

Yuko atakayesema: basi na afugwe, ila aachwe atoke nje, nyumba isalimike. Shauri hili lina upungufu. Nje kuna magari, kuna mbwa, na kuna sumu ya panya ambayo humuua panya kwanza na paka aliyemla baadaye. Tena paka atokaye nje haachi tabia zake mlangoni. Kama hakuchafua kwetu, atachafua kwa jirani. Na kama hakula samaki wetu, atakula ndagala wa mama aliyewaanika juani ili akawauze kesho kwa mafungu, naye faida yake yote ya siku imo katika fungu mojamoja hilo. Hivyo kumfungulia mlango si kuiondoa hasara, bali ni kuihamishia kwa mtu ambaye hakuulizwa, na ambaye mara nyingi ana uwezo mdogo kuliko wetu.

Sasa na tuzitazame hasara zenyewe. Kochi litachanwa, pazia litavutwa nyuzi, chungu kisichofunikwa kitaonjwa. Dume asiyehasiwa atarusha mkojo ukutani, na harufu yake haitoki kwa maji na sabuni ya kawaida. Haya yaudhi, lakini ni mambo ya mali, na mali hununuliwa tena. Iko hasara nyingine ambayo mara nyingi husahauliwa katika mazungumzo haya, nayo ni chandarua. Paka hupenda kupanda kitandani, na kucha zake hunasa katika wavu ule mwembamba, akijinasua, hutoboa. Katika mji huu ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, chandarua si pambo. Mwezi wa Machi mwaka 2017 Serikali ya Burundi ilitangaza kwamba malaria imefikia kiwango cha mlipuko, na kwa miaka mingi sasa vyandarua vyenye dawa vimekuwa vikigawiwa bure kwa ajili hiyo. Mzazi anayesema hamtaki paka kwa sababu mtoto hulala chini ya chandarua kimoja tu, na hana cha pili, hatuwezi kumwambia kwamba hana huruma. Huyo amepima, na kipimo chake ni cha haki. Mwenye mlango wa chumba unaofungika, au sindano na uzi na bidii ya kukagua kila Jumamosi, huyo ana la kujadili.

Lakini tukiacha chandarua, hatuna budi kuuliza: hasara hizi zatoka wapi? Paka hachani kochi kwa uovu. Kucha zake huota kwa tabaka, na gamba la nje lililochakaa humtoka anapokwaruza; tena nyayoni mwake mna tezi zinazoacha harufu, na kwa kukwaruza huweka alama kwamba hapa ni kwake. Nje angetumia gome la mti. Tulipofunga mlango tulimnyima mti, kisha twamlaumu kwa kulifanya kochi kuwa mti. Haja yake ni vivyo hivyo: kwa maumbile hufukia kinyesi chake, naye akikosa mchanga hutafuta kitu kingine kilaini, hata kama ni mkeka wa kuswalia. Basi sehemu kubwa ya tunachokiita uharibifu wa paka ni gharama ya kifungo tulichompa sisi. Gogo lililoviringishiwa kamba ya mkonge na beseni la mchanga ni baadhi ya vile alivyokuwa navyo kabla hatujafunga mlango.

Katika Hadithi sahihi imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa: hakumpa chakula, wala hakumwachilia ajitafutie wadudu wa ardhini. Wengi huisimulia kama habari ya ukatili tu. Sisi twaiona pia kuwa sheria ya mfugaji, kwa sababu yaonyesha kwamba mwenye kufunga mlango amejitwisha yote yaliyokuwa nje ya mlango.

Kuna Hadithi nyingine, ile ya Abu Qatada aliyeinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kwamba Mtume alisema mnyama huyo si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. (Kinyesi chake na mkojo wake ni jambo jingine, hivyo husafishwa.) Wenye kujua Kiarabu wataona kwamba neno lililotumika hapo ni la asili moja na lile la Sura ya An-Nur, aya ya 58, linalotajwa kwa watumishi na watoto, wanaoingia na kutoka vyumbani mwetu kila saa. Paka amewekwa, kwa neno, pamoja na mtumishi.

Neno hilo latukumbusha mtu ambaye mara nyingi haulizwi. Katika nyumba nyingi za Bujumbura, anayeamua kumleta paka ni baba, au mtoto aliyelia mpaka akapewa. Anayezoa kinyesi ni boyi au yaya, naye aghalabu ni kijana aliyeshuka kutoka milimani kutafuta riziki, ambaye mshahara wake haukuongezwa siku paka alipoingia. Ni rahisi sana kuwa mvumilivu kwa mikono ya mwingine. Tena kazi yenyewe ina hatari: kinyesi cha paka chaweza kuwa na vijidudu viitwavyo toksoplasma, ambavyo huanza kuambukiza baada ya siku moja hadi tano, na vyaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mchanga huzolewa kila siku bila kukosa, na mwanamke mjamzito hapasi kuugusa. Basi aulizwe huyo mtumishi, tena aulizwe kabla. Na asiyekuwa tayari kuzoa mwenyewe siku ya Jumapili, mtumishi anapokwenda kwao, asimlete paka.

Wako wanaomchukua paka kwa sharti la moyoni: nitamfuga maadamu hataharibu. Huyo hakumtaka paka, alitaka picha ya paka. Siku ya kwanza pazia linapochanika, mnyama hutiwa guniani na kwenda kutupwa mbali, huko ambako hajui maji yalipo, naye kosa lake ni kuwa vile alivyokuwa siku alipoletwa. Twaona ni heri kukataa tangu mwanzo kuliko kukubali kwa sharti hilo. Hasara ya paka husamehewa kabla haijatokea. Ndani ya moyo mtu aseme: kochi hili nimelitoa. Akishindwa kulisema neno hilo, aache, wala asione haya.

Nalo si neno la mwaka mmoja. Paka anayetunzwa ndani aweza kuishi miaka 15 na zaidi. Mtoto anayemlilia leo, akiwa na miaka sita na daftari lake la kwanza, atamaliza shule ya msingi, ataendelea, ataondoka nyumbani kwenda kusoma au kuoa, na paka atakuwa angali pale dirishani, amezeeka, akingoja beseni lake la mchanga libadilishwe.