USO WAKO UNASEMA NINI?



Pengine hukuja kwa ajili ya mkutano. Umesikia vipaza sauti, ukasogea, na sasa umesimama pembeni ya uwanja hapa Maore, milima ya Upare nyuma yako, unaangalia watu. Mtu kakupa karatasi hii, umeipokea kwa heshima tu. Sio neno. Usiitupe kwanza, maana hicho unachokifanya sasa hivi ndicho tunachotaka kuzungumza nawe.

Hebu jiulize, unaangalia nini? Unaangalia NYUSO! Yule mama kakunja uso. Yule dada anacheka. Yule kijana mwenzako kakodoa macho jukwaani. Hujawasikia wakitamka neno, lakini tayari umeshaamua: huyu ana huzuni, huyu ana furaha, huyu anashangaa.

Na wao wakikuangalia wewe, WANASOMA NINI? Na hicho wanachosoma, ni kweli?

1. USO HAUJUI KUNYAMAZA

Misuli ya mkono wako huvuta mfupa, ndiyo maana unaweza kuinua jembe. Lakini misuli ya uso ni ya namna nyingine. Mingi imeshikana na ngozi yenyewe. Inavuta ngozi! Nyusi zinapanda, paji la uso linajikunja, pembe za mdomo zinashuka. Ni misuli midogo midogo, na mshipa mmoja wa fahamu kila upande wa uso, ule wa saba kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo, ndio unaoiamuru karibu yote. Mungu hakukupa uso wa jiwe. Alikupa uso unaosema.

Ndiyo maana lugha yetu ina maneno mengi ya uso. Tunasema fulani kanuna, kavimba, kakunja ndita, kabetua mdomo. Fulani ana bashasha, fulani ana uso mkavu, fulani uso umemsawijika. Mzee aliyeamka alfajiri akakuta tembo wa Mkomazi wamepita kwenye mahindi yake, je, anahitaji kukutangazia? Binti aliyetoka kuangalia matokeo ya kidato cha nne akaingia nyumbani, mama yake anauliza? Haulizi. Ameshasoma.

Biblia inatuonyesha jambo hili mapema kabisa. Soma Mwanzo 4:5-8. Kabla Kaini hajainua mkono juu ya Habili ndugu yake, uso wake ulikuwa umeshabadilika. Hasira ilitangulia usoni, damu ikafuata shambani. Lakini angalia vizuri, kijana: katikati ya uso na ile damu, Mungu alimwuliza SWALI. Alimwuliza kwa nini amekasirika, na kwa nini uso wake umekuwa vile. Mungu hakuuliza kwa kuwa hajui. Alimfungulia Kaini mlango aseme. Kaini hakujibu. Akaondoka na hasira yake kifuani, na mwisho wake unaujua.

Uso wa Kaini ulisema. MDOMO WAKE ULINYAMAZA. Hapo ndipo mauti ilipopitia.

2. TABASAMU LA MDOMO NA TABASAMU LA MACHO

Mwaka 1862 daktari mmoja Mfaransa, Duchenne, alitoa kitabu chake kuhusu misuli ya uso. Alionyesha kwamba tabasamu la furaha halitoki mdomoni peke yake. Msuli unaozunguka jicho nao hukaza, mashavu yakapanda, na mikunjo midogo ikatokea pembeni mwa macho. Mdomo ni mtiifu, ukiuambia ucheke unacheka. Macho ni mabishi kidogo, ingawa wapo watu wanaoweza kuyaigizisha nayo.

Sasa sikia jambo la ajabu. Mwaka 2004 huko Athens yalifanyika mashindano ya Olimpiki, na baada yake ya Paralimpiki kwa wenye ulemavu. Watafiti wawili, Matsumoto na Willingham, walichunguza picha za nyuso za wachezaji wa judo, wanaoona na wasioona. Baadhi ya wale wasioona walizaliwa hivyo. Hawajawahi kuuona uso wa mtu yeyote maishani mwao! Lakini waliposhinda na waliposhindwa, nyuso zao zilifanya yaleyale yaliyofanywa na nyuso za wanaoona. Nani aliwafundisha?

Tena kuna jingine. Wengi wa walioshindwa fainali, walipopanda jukwaani kuvishwa medali ya fedha, WALITABASAMU. Ila lilikuwa tabasamu la mdomo tu, la adabu. Moyoni kuna maumivu, kamera ziko mbele, basi mdomo ukafanya kazi yake.

Kijana, hilo tabasamu hulijui? Unalijua sana! Umetoka Dar es Salaam mwezi wa Desemba, huna kitu, ile kazi uliyoifuata haikupatikana, lakini unashuka kwenye gari Maore umevaa miwani na kicheko. Dada, yule aliyekuahidi ndoa kabadilisha njia, na wewe tumboni una siri unayoihesabu kwa wiki. Mwingine nyumbani baba akilewa hakulaliki. Halafu asubuhi unakutana na wenzako kijiweni. "Mambo?" "POA!" Kila siku poa. Poa wakati usiku uliopita hukufumba jicho.

Sulemani alilijua hili zamani sana. Katika Mithali 14:13 anafundisha kwamba hata ndani ya kicheko moyo unaweza kuwa unauma. Na wazee wetu wakasema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

3. UNAWEZA KUSOMA UKAKOSEA

Labda utasema, "Mimi najua kusoma watu. Nikimtazama mtu mara moja nimemmaliza." Taratibu, rafiki yangu!

Miaka ya 1960 mwishoni, mtaalamu Mmarekani aitwaye Paul Ekman alikwenda Papua New Guinea kwa watu waitwao Wafore. Aliwaonyesha picha za nyuso na kuwasimulia visa vifupi, kama kisa cha mtu aliyefiwa na mtoto, wachague uso unaofaa. Wengi walichagua kama ambavyo Wamarekani wangechagua. Yeye na wengine wengi wakasema basi, uso ni lugha moja dunia nzima.

Lakini watafiti wengine walikuja hapa hapa kaskazini mwa Tanzania, kwa ndugu zetu Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi. Mwaka 2020 walitoa matokeo yao. Walipowauliza Wahadzabe kuhusu picha za nyuso, majibu yao hayakufuata sana yale yaliyotazamiwa na Wazungu. Watafiti hao wakasema kwamba mtu husoma uso kwa kutumia pia yale aliyojifunza katika jamii yake. Wataalamu wanaendelea kubishana, lakini jambo moja tunalipata: uso unasema kweli, ila anayesikiliza anaweza kusikia vibaya.

Na kusikia vibaya kunaua! Kule Shinyanga na Mwanza, akina bibi wameuawa kwa mapanga, wakiitwa wachawi, kwa sababu macho yao ni MEKUNDU. Macho mekundu! Mama amepika jikoni kwa kuni na samadi maisha yake yote, moshi umemharibu macho akiwalisha watoto na wajukuu, halafu kijana mmoja anamwangalia usoni anasema, "Huyu ni mchawi." Huko ni kusoma uso bila kuuliza. Vivyo hivyo yupo mtu ambaye upande mmoja wa uso umepooza kwa ugonjwa wa ule mshipa wa saba, hawezi kutabasamu hata akiwa na furaha, na watu wanasema anaringa.

Hata mtumishi wa Mungu alikosea. Soma 1 Samweli sura ya kwanza. Hana alikuwa tasa, mke mwenzake alimchokoza mwaka baada ya mwaka, hata akawa analia na hali chakula. Akaenda hekaluni Shilo kuomba. Midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli alikuwa ameketi pale, akiutazama mdomo wake. Kuhani huyo, mzee, mzoefu! Unajua aliona nini? ALIONA MLEVI. Akamkemea.

Mwanamke aliyevunjika moyo mbele za Mungu, na mtu wa dini akaona pombe. Kijana, kama na wewe kuna mtu wa kanisani alikutazama siku moja akakuhukumu kwa mavazi yako, kwa nywele zako, kwa macho yako, ukaapa hutakanyaga tena huko, basi jua Hana alipita hapo kabla yako.

4. HANA ALISEMA, YUSUFU ALIULIZA

Hana alifanya nini? Hakukasirika akaondoka. Alifungua mdomo. Alimwambia yule mzee kwa heshima kwamba hakunywa kileo, ila ana huzuni nyingi na anaimimina roho yake mbele za Bwana. Eli aliposikia akageuka, akambariki. Halafu soma mstari wa 18: akaenda, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena.

Simama hapo kidogo. Mtoto alikuwa ameshapatikana? BADO! Samweli hajatungwa mimba. Mke mwenza bado yupo. Hakuna kilichobadilika nje, lakini uso umebadilika. Kwa nini? Kwa sababu lile lililokuwa limefungiwa ndani limetoka mbele za Mungu na mbele ya mtu.

Upande wa pili mwangalie Yusufu (Mwanzo 40:6-8). Ni kijana kama wewe. Ameuzwa na ndugu zake, amesingiziwa, yuko gerezani. Ana sababu zote za kujifikiria mwenyewe. Lakini asubuhi moja anawaona wafungwa wawili, watumishi wa Farao, nyuso zimewashuka. Hakusema, "Wale wana visirani." Hakupita. ALIULIZA: leo mna nini? Swali dogo tu. Na swali hilo ndilo lililofungua njia iliyomtoa gerezani baadaye.

Basi kazi iko pande mbili. Ukiona uso wa mwenzako umeshuka, usihukumu, uliza. Na uso wako ukishuka, usijifungie, sema.

5. NA WEWE JE?

Yupo Mmoja ambaye hasomi mlango akaishia hapo. 1 Samweli 16:7 inatufundisha kwamba mwanadamu huangalia sura ya nje, Bwana huutazama moyo. Mbele zake "poa" yako haifanyi kazi, lakini usiogope! Yesu alipokuwa akienda kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro alilia machozi mbele za watu (Yohana 11:35). Hakuuficha uso wake. Hatakucheka wewe ukilia.

Siku moja kijana tajiri alimjia Yesu mbio (Marko 10:17-22). Yesu alimkazia macho, AKAMPENDA. Soma mwenyewe. Kabla ya neno lolote gumu, kulikuwa na uso wenye upendo. Lakini yule kijana aliposikia la kuacha mali, uso wake ukaanguka, akaenda zake na huzuni yake. Hakusema kitu. Hakuuliza, "Bwana, nitawezaje?" Aliondoka tu. Biblia haituambii tena habari zake.

Kijana, wewe usiondoke hivyo.

Kama moyoni mna mzigo, mwambie Mungu leo. Halafu mwambie na mtu: mama, shangazi, mwalimu, mchungaji, rafiki anayejua kutunza neno. Kama yamekujia mawazo ya kujiua, usilale nayo hata usiku mmoja. Mwambie mtu SASA, na akupeleke hospitali. Mungu anafanya kazi na madaktari pia.

Na kama unataka kuanza na Yesu, sala sio lazima iwe ndefu. Hata bila sauti, kama Hana, sema:

"Bwana Yesu, watu wananiona nacheka, wewe unaniona ndani. Nimechoka kujificha. Nisamehe dhambi zangu, ingia moyoni mwangu, uniponye. Nipe ujasiri wa kusema ukweli, na macho ya kuwaona wenzangu bila kuwahukumu. Amina."

Sasa inua macho kutoka kwenye karatasi hii. Angalia waliokuzunguka uwanjani. Pengine yupo mmoja ambaye uso wake umeshuka tangu ulipofika, na watu wanampita tu. Msogelee. Usimhubirie. Muulize tu: ndugu yangu, leo una nini?

Mungu akubariki.