Paka, Simba na Chui: Je, Mnyama Ana Siri?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wanaohudhuria darasa: je, yafaa mtu kuitakidi ya kwamba katika wanyama wa jamii ya paka, yaani simba, chui, chui milia wa Bara Hindi, hata na huyu paka wetu wa majumbani, mna siri ya kiroho isiyokuwamo katika wanyama wengine? Na sababu ya suala hili ni kuwa wako watu wanaowavika watoto wao kucha za chui, na wako wengine wanaowamwagia paka weusi maji ya moto wakisema kuwa ni majini. Suala ni zuri, na jawabu yake si fupi. Kwani watu wengi huchanganya kati ya mnyama kuwa ni dalili ya Muumba wake, na kuwa ni mfano wa sifa fulani, na kuwa yeye mwenyewe ana nguvu ya kuleta kheri au shari. Mambo haya hayalingani, na mwenye kuyachanganya huanza katika tauhidi akaishia katika ushirikina, na hali hajui ni wapi alipovuka mpaka.

Ama la kwanza, hapana hitilafu kwa mwenye imani. Qur'ani imetwambia kuwa kila kitambaacho katika ardhi na kila kirukacho ni umma kama sisi. Tena ziko sura zilizopewa majina ya ng'ombe, na nyuki, na chungu, na buibui, na ndovu; wala hapana sura ya simba. Twalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani kuwa mnyama akiwa mkali zaidi ndipo siri yake huwa kubwa zaidi. Simba katajwa katika Surat al-Muddaththir kwa jina la qaswara, na hata hapo baadhi ya wafasiri wamesema makusudio ni wawindaji. Na tukilishika lile la walio wengi kuwa ni simba, basi na tuutazame mfano wenyewe: wanaokimbia mawaidha wamefananishwa na punda waliotaharuki wakimkimbia simba. Simba hapa amesimama mahali pa mawaidha. Hatukuambiwa tumche simba. Tumeonywa tusiwe punda.

Ama mfano, Waarabu walimpa simba majina mengi mno. Imepokewa kutoka kwa Ibn Khalawayh kuwa majina yake yafika 500, na ad-Damiri, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, alianza kitabu chake kikubwa cha wanyama kwa simba kabla ya mnyama mwengine yeyote. Hamza (R.A.) ameitwa Simba wa Mwenyezi Mungu, na Ali (R.A.) mamaye alimwita Haydar, ambalo ni jina katika majina ya simba. Hapana ubaya wowote katika haya, kwani hakuna aliyedhani kuwa Hamza alipata ushujaa kwa kuvaa meno ya simba. Ushujaa ulikuwa wake, na jina likafuata.

Lakini mfano nao huweza kumghuri mtu. Tipu Sultan wa Mysore, aliyeuawa mwaka 1799 akipigana na Waingereza huko Seringapatam, alimpenda chui milia mapenzi makubwa. Askari wake walivaa nguo zenye milia. Kiti chake cha enzi kilipambwa kwa kichwa cha chui milia. Na silaha zake ziliandikwa maneno ya Kiarabu ya kumsifu Simba wa Mwenyezi Mungu, herufi zikasukwa mpaka zikawa sura ya uso wa mnyama huyo. Alikuwa pia na sanamu ya mbao ya chui milia akimrarua Mzungu, yenye kutoa sauti kwa kuzungushwa mkono wake, na sanamu hiyo hata leo iko London katika jumba la makumbusho la Victoria na Albert. Sisi twamhishimu kwa kuwa alikufa na upanga mkononi. Walakini Waingereza nao walikuwa na mnyama wao. Walipomshinda walipiga nishani yenye sura ya simba amemkalia chui milia kifuani, na juu yake bendera yenye maneno yale yale ya Kiarabu. Basi na wajiulize wanaosema kuwa sura ya mnyama ina nguvu: ni sura ipi iliyoshinda siku ile? Kilichoshinda ni mizinga, na majeshi mengi, na ukuta uliobomolewa.

Hapa ndipo tufikapo katika lile la tatu, ambalo ndilo lenye hatari. Watu wa Misri ya kale walimfanya paka kuwa ni kitu cha kuabudiwa. Mji wa Bubastis ulikuwa ndio makao ya Bastet, mungu wao wa kike mwenye kichwa cha paka. Herodotus ameandika kuwa paka akifa nyumbani watu wa nyumba ile walinyoa nyusi zao kwa huzuni, na Diodorus amesimulia khabari ya Mrumi mmoja aliyemuua paka kwa bahati mbaya, akauawa na watu wa mji, wala mfalme hakuweza kumuokoa. Paka walikaushwa, wakafungwa vitambaa, wakazikwa kwa maelfu na malaki. Na mwisho wa utukufu huo ulikuwa nini? Mwaka 1890 mizoga yao, ikikisiwa kuwa ni ya paka 180,000, ilipakiwa merikebuni ikapelekwa Liverpool, ikanadiwa, ikasagwa ikawa mbolea ya mashamba ya Uingereza. (Wageni wanaokuja Lamu hupenda kusema kuwa paka wa mji ule ni wa ukoo wa paka wa Firauni. Ikiwa ni kweli, basi wametoka katika nyumba ya kuabudiwa wakaja katika nyumba ya kulishwa vichwa vya samaki, na twaona wamepata afadhali.)

Wala tusiwacheke watu wa Misri tukajisahau. Mwaka 1898, reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda bara, simba wawili madume waliwashambulia wafanya kazi wa daraja la Tsavo kwa muda wa miezi. Wengi katika wafanya kazi wale walikuwa watu wa Bara Hindi, na Waislamu walikuwamo. Patterson, aliyekuwa msimamizi wa kazi, ameandika kuwa watu waliwaona kuwa si simba, bali ni roho za machifu wawili waliokufa, wamerudi kuzuia reli isipite katika nchi yao. Na kwamba hakuna faida ya kuwapiga risasi. Mwezi wa Disemba mwaka ule wote wawili walipigwa risasi wakafa kama wafavyo simba. Ngozi na mafuvu yao yako Chicago, na wataalamu walipoyachungua walimkuta mmoja wao ana jino lililovunjika na jipu kwenye taya. Mnyama mwenye maumivu kama hayo hushindwa kumkamata nyati, na mwanadamu aliyelala hemani ni laini kuliko nyati. Nao walipopima mifupa na nywele, na kutoa makisio yao mwaka 2009, walikadiria kuwa walioliwa ni kiasi cha watu 35, ilhali Patterson alifika kudai watu 135. Hivi ndivyo khofu ifanyavyo: huzidisha idadi, na jipu la jino huligeuza likawa roho ya chifu.

Na katika misitu ya Sundarbans, baina ya Bara Hindi na Bangladesh, wakusanyao asali na wakatao kuni, Waislamu na Mabaniani pamoja, humwomba Bonbibi kabla ya kuingia msituni, nao husimulia kuwa ni binti wa mtu wa Makka aliyetumwa kuwakinga na pepo aitwaye Dokkhin Rai, ajigeuzaye chui milia. Hao tunawahurumia kuliko kuwalaumu, kwani njaa huwapeleka pale ambapo sisi tusingethubutu kwenda. Mwaka 1986 walianza kuvaa sura za bandia kisogoni, kwa kuwa chui milia hupenda kushambulia kwa nyuma, na kwa muda jambo hilo liliwafaa. Tofauti ni dhahiri. Sura ya kisogoni ni sababu, kama mwavuli ulivyo sababu ya kutolowa. Yajaribiwa, ikifaa yatumiwa, isipofaa yatupwa. Lakini anayemwomba asiyekuwa Mwenyezi Mungu hana kipimo: akirudi salama husema ameokolewa, na akiliwa husemwa kuwa alikosea masharti.

Na ukucha wa chui shingoni mwa mtoto uko upande gani? Hatwoni ila kuwa uko upande huu wa pili. Mtume (S.A.W.) amekataza kutundika hirizi akaihesabu kuwa ni shirki, na amekataza ngozi za chui kufanywa matandiko ya kupandia. Na hata tukiyaweka kando mapokezi, akili yatosha. Ukucha ule ulikuwa katika mguu wa chui mwenyewe siku alipouawa, wala haukumfaa kitu. Utamfaaje mtoto mwenye homa, ambaye dawa yake iko zahanati? Hasara si ya itikadi peke yake: wakati mama anapofunga uzi, homa haingoji. Na huko Asia, kwa itikadi kama hii, mifupa ya chui milia imesagwa ikanywewa kama dawa mpaka wanyama hawa wakakaribia kwisha. Serikali ya China ilikataza biashara hiyo mwaka 1993, na mauaji ya siri hayakukoma. Ajabu ya mtu kumtukuza kiumbe kwa kummaliza!

Pengine mtu atasema: Ikiwa mnyama hana nguvu, je, hawezi hata kumfundisha mtu jambo? Aweza. Lakini kujua kusoma somo lile ni kazi nyengine, na wakubwa wamehitilafiana ndani yake. Ibn Khallikan amesimulia khabari ya Ibn Babshadh, mwanazuoni wa nahau wa Misri aliyefariki mwaka 469 wa Hijra. Alikuwa juu ya dari ya msikiti akila pamoja na wenziwe, akaja paka, wakamtupia tonge. Akaichukua akaenda nayo, akarudi. Wakamtupia nyengine, akaenda nayo tena. Wakastaajabu, wakamfuata, wakamkuta akimpelekea paka mwengine kipofu aliyekuwa katika gofu la nyumba. Ibn Babshadh akasema kuwa ikiwa Mwenyezi Mungu amemtumikishia kipofu huyu mwenziwe wa kumlisha, vipi atamwacha yeye? Akaacha kazi yake ya diwani na mshahara wake, akakaa katika msikiti wa Amr kwa ibada, mpaka usiku mmoja akaanguka kutoka juu akafa, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na Sa'di wa Shiraz, katika kitabu chake cha Bustan alichokitunga mwaka 1257, ana kisa cha mtu aliyemwona mbweha asiyekuwa na miguu, akashangaa apatavyo riziki yake. Mara akaja simba na windo lake, akala akaacha, na mbweha akashiba mabaki. Mtu yule akaenda akajikalia kitako kungoja riziki, mpaka akabaki ngozi na mifupa. Ndipo ikamjia sauti ya kumlaumu kuwa yeye ni mzima wa viungo, kwa nini amejifanya mbweha kiwete na asiwe simba, mwenye kubakisha wengine wakala?

Sisi twamhishimu Ibn Babshadh, na imani yake katika riziki haina ila. Lakini twaona kuwa alitazama paka wawili akajiona katika yule asiyekuwa yeye. Hakuwa kipofu. Alikuwa na macho, na elimu, na watu waliomhitaji. Paka aliyefanana naye ni yule mwenye kupanda dari na kushuka, tonge kinywani, asiile na hali ana njaa. Nasi, kila tusomapo khabari hii, twapenda kujihesabu upande wa kipofu. Humo mna raha, na watu hutuita wacha Mungu. Na yule mwenye kuchukua tonge hakuna amtajaye. Mtu akidai kuwa ameona ishara katika mnyama, na ishara ile ikamwambia apumzike huku jirani yake ana njaa, na aitie shaka kabla ya kuifuata.

Limebaki la paka mweusi. Watatwambia kuwa Ibn Taymiyya ameandika ya kwamba majini hujigeuza kwa sura ya paka mweusi. Ni kweli ameandika. Lakini kuwezekana kwa jambo si dalili kuwa limekuwa kwa paka huyu aliye mlangoni kwako leo. Tena tazameni: nyoka wa majumbani, ambaye sumu yake huua, Mtume (S.A.W.) alisema kuwa huenda ikawa ni jini aliyesilimu, na kwa sababu hiyo akaamrisha aonywe siku tatu kabla ya kuuawa. Yaani shaka ya ujini ilileta subira, haikuleta maji ya moto. Vipi basi sisi tumeigeuza, tukaifanya shaka hiyo ndiyo ruhusa ya kumwunguza kiumbe asiyekuwa na sumu wala silaha? Na yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhi, hadithi haikutaja rangi ya paka yule.

Ama anayeuliza kama maji aliyoyanywa paka yafaa kutawadhia, jawabu iko katika khabari ya Kabsha bint Ka'b, aliyekuwa mke wa mwana wa Abu Qatada (R.A.). Alimmiminia mkwewe maji ya udhu, akaja paka akataka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha akawa anamtazama. Akamuuliza kama amestaajabu, ewe binti wa ndugu yangu, akasema naam. Akamwambia kuwa Mtume (S.A.W.) amesema kuwa paka si najisi, bali ni katika hao wanaotuzungukazunguka majumbani mwetu.