Daktari Aliyeninyima Dawa

Mwaka jana, katikati ya muhula, nilishikwa na kikohozi na koo la kuwasha kwa siku tano. Nikaenda kwenye zahanati moja hapa Kampala, nikalipa ada ya kumwona daktari, nikakaa kwenye foleni tangu asubuhi. Daktari alinipima joto, akanisikiliza kifua, akanimulika koo kwa tochi, kisha akaagiza nipimwe malaria. Sikuwa nayo. Akaniambia, "Haya ni mafua tu, mwanangu. Kunywa maji, pumzika. Ukianza kupumua kwa shida au homa ikipanda, rudi." Hakuniandikia dawa yoyote. Nilitoka nimekasirika, na bwenini kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba yule daktari hajui kazi na amekula pesa yangu bure.

Jioni hiyo nilikwenda duka la dawa. Nikanunua vidonge kumi vya amoksilini, vile ambavyo wenzetu wa Kenya huviita rangi mbili. Kumi, kwa sababu ndipo pesa zangu zilipoishia. Nikameza sita. Siku ya tatu nikajiona afadhali, na vinne vilivyobaki nikampa mdogo wangu, ambaye naye alikuwa ameanza kupiga chafya.

Swali linalonisumbua ni hili: daktari akijua kwamba dawa haitasaidia, na mgonjwa aliyekaa mbele yake anaitaka, je, ana haki ya kumnyima? Wengi wetu tungejibu haraka kwamba mgonjwa amelipa na mwili ni wake. Lakini antibiotiki si kama dawa nyingine. Kidonge cha maumivu kikitumiwa ovyo, anayeumia ni aliyekimeza. Antibiotiki haiui virusi vya mafua kabisa. Inachofanya ni kuwashambulia bakteria wanaoishi kooni na tumboni mwangu, wale dhaifu wakafa na wale sugu wakabaki, wakazaana, wakahamia kwa jirani.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilieleza jambo hili mwaka 1945 katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel. Alitunga kisa cha bwana mmoja asiye na jina. Bwana huyo anaumwa koo, anajinunulia penisilini, anatumia kidogo kisichotosha kuwaua vimelea lakini kinachotosha kuwafunza kuihimili. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini ileile, haimfai, anafariki. Nani wa kulaumiwa? Fleming alimlaumu mume. Nilipokisoma kisa hicho niliona kitu kimoja: hakuna daktari anayeandika dawa ndani yake. Kuna mtu na duka tu, kama mimi.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba daktari yuko kati ya pande mbili, mgonjwa anayemwona na jamii asiyoiona, na kwamba mwenye huruma humchagua anayemwona. Mimi sikubali. Mgonjwa mwenyewe hapati faida. Anaweza kuharisha, anaweza kutoka vipele, na kikohozi cha mafua, ambacho huweza kudumu hata wiki tatu, kitaisha kwa wakati wake. Wataalamu waliokutana Nairobi mwaka 1985 kwa mwito wa Shirika la Afya Duniani walisema dawa hutumika ipasavyo mgonjwa anapopata inayolingana na hitaji lake, kwa kipimo chake, kwa muda wa kutosha, na kwa gharama ndogo kabisa kwake na kwa jamii yake. Hitaji lake, hawakusema ombi lake. Anayefaidika kweli na cheti kisicho na sababu ni foleni: kuandika hakuchukui hata dakika, kueleza kwa nini huandiki huchukua muda mrefu na mgonjwa bado atanuna.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kusema hapa. Neno "dawa" kwetu limebeba mengi mno: ya kikohozi, ya mende, ya viatu, hata ya mapenzi. Tunasema "nilikwenda hospitali sikupewa kitu", kana kwamba kusikilizwa kifua na kuambiwa ukweli si kitu. Daktari wangu alinipa utambuzi wa ugonjwa na dalili za kunirudisha. Mimi nilikuwa nikitafuta mfuko wa karatasi wa kutoka nao.

Uingereza walijaribu njia moja. Mwaka 2014 madaktari wa familia ambao zahanati zao ziliandika antibiotiki nyingi kuliko asilimia 80 ya zahanati za eneo lao walipelekewa barua ya Mganga Mkuu wa Serikali kuwaeleza hivyo. Hakuna aliyetozwa faini. Katika miezi iliyofuata, antibiotiki zilipungua kwa takribani asilimia 3.3 ukilinganisha na zahanati ambazo hazikupata barua. Ni kidogo, lakini wagonjwa hawakubadilika wala magonjwa hayakubadilika. Kilichobadilika ni daktari kujua kwamba wenzake huandika pungufu. Mwalimu wangu wa falsafa angeuliza kama wema unaotokana na kuona haya ni wema. Sina hakika, ila bakteria hawaulizi nia.

Hapa kwetu barua kama hiyo ingefika nusu ya njia tu, kwa kuwa daktari akikataa, duka liko jirani. Na kuna jambo ambalo siwezi kulipita. "Ukizidiwa, rudi" ni shauri la kweli kwa mtu kama mimi niliyetembea kwa miguu hadi zahanati. Kwa mama aliyetoka kijijini na mtoto mgongoni, aliyekopa nauli ya bodaboda, kurudi hakuko. Daktari akimwandikia huyo antibiotiki kwa tahadhari, mahali pasipo na maabara, mimi sitamhukumu. Ningemhukumu kama angeniandikia mimi.

Yule daktari sijarudi kumwona. Wale wa bwenini, niliowaambia kwamba hajui kazi, bado wanalikwepa dirisha lake wanapougua. Mdogo wangu naye juzi alinipigia simu, koo linamuuma, akaniuliza kama ninavyo vingine vinne.