Mvua ya Machi na Lawama za Watu

Kama umepata kukaa Kitale au Bungoma katika mwezi wa Machi, msomaji, unajua jinsi mbingu za huko zinavyogeuka. Alfajiri ni baridi, na mtu hujikunyata ndani ya blanketi. Adhuhuri jua huwaka, na upepo hutimua vumbi jekundu juu ya mashamba yaliyokwisha kulimwa. Alasiri mawingu meusi hukusanyika juu ya Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, na ngurumo husikika kwa mbali. Baada ya hapo hakuna ajuaye kwa yakini. Huenda mvua ya mawe ikayapiga mabati kwa robo saa; huenda mawingu yakatawanyika bila kudondosha hata tone; huenda mvua ikanyesha ng'ambo hii ya mto Nzoia, na ng'ambo ya pili vumbi likabaki vumbi. Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu, lakini hawakusema kuwa kila wingu ni mvua.

Ugeugeu huu una sababu zake. Karibu na tarehe 21 Machi jua la utosi huvuka ikweta, na ule ukanda wa mvua ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana hulifuata kwenda kaskazini. Kitale uko kiasi cha digrii moja kaskazini ya ikweta, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Hewa yenye unyevu itokayo upande wa Ziwa Viktoria hukutana na mlima ambao kilele chake kirefu kabisa, Wagagai, kilicho upande wa Uganda, kina mita 4,321. Hewa hiyo hupanda, hupoa, na huwa wingu. Lakini ukanda ule hauna ratiba kama ya garimoshi. Mwaka mmoja hufika mapema na kukaa. Mwaka mwingine hugusa nchi kwa siku mbili, ukarudi nyuma, watu wakabaki wakitazama juu.

Mambo haya yangekuwa ya somo la jiografia tu, lau mahindi yasingekuwamo. Katika Trans Nzoia, na katika sehemu za juu za Bungoma, mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka, yaani Machi au Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba. Msimu ukiharibika, hakuna mwingine wa kuufidia mpaka mwaka ugeuke.

Sasa, fikiri juu ya mkulima mmoja. Ana ekari mbili, na kwa ekari hizo amenunua mbegu kilo 20 na mbolea ya kupandia. Fedha alizipata kwa kumwuza ng'ombe, na ng'ombe huyo ndiye aliyetazamiwa kuwa karo ya mtoto wake aliye katika shule ya sekondari. Mwaka wa kwanza alingoja mvua mbili nzuri, akapanda katika juma la tatu la Machi. Mvua iliendelea, mahindi yakastawi, na majirani wakamsifu kwa maarifa. Mwaka wa pili alifanya vivyo hivyo: juma lile lile, mvua mbili, mbegu ile ile. Safari hii jua lilitoka likakaa siku 20. Mbegu nyingine ziliungua ardhini, zilizochipua zilinyauka. Majirani wale wale walisema kuwa ana pupa. Mtoto wake, aliporudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, alisema hivyo hivyo moyoni.

Je, mtu huyu alikuwa na hekima mwaka wa kwanza, akawa mjinga mwaka wa pili? Mtu ni yule yule na jembe ni lile lile. Kilichobadilika kilikuwa juu ya kichwa chake, mahali ambapo mkono wake haufiki. Kama sifa na lawama zinagawiwa kwa yale ambayo mtu ameyatenda, basi miaka yote miwili alistahili neno moja. Nadhani tumezoea kuyatazama mavuno kwanza, kisha tukarudi nyuma kumtafutia mwenye shamba tabia inayolingana nayo.

Utaniambia kuwa jirani yake alingoja hadi katikati ya Aprili, akavuna; huyo basi ndiye mwenye busara. Huenda. Lakini kungoja nako ni kuamua. Uchunguzi uliofanywa katika kituo cha utafiti cha Kitale katika miaka ya 1960, wakati ule ule mbegu za mahindi chotara zilipoanza kutolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1964, ulionyesha kuwa mahindi yaliyochelewa kupandwa baada ya mvua kuanza hupungua mavuno, hata yakipewa mbolea. Kwa hiyo mwenye kungoja alikuwa akicheza mchezo ule ule, ila aliweka dau lake upande wa pili.

Tena yuko mtu mwingine anayenitia hofu kuliko hao wawili. Ni yule asiyeuliza, asiyesikiliza, asiyeweka akiba ya hata kilo moja ya mbegu, ambaye mvua ikamkubali. Mwaka unaofuata kijiji kizima kitamfuata.

Lakini tukisema hivi, je, hatumpi kila mvivu udhuru wa kusingizia mvua? Hapana, maana yako mambo ambayo mkono wa mkulima huyafikia. Aliuliza? Idara ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa msimu wa mvua za masika, na redio huupeleka mpaka vijijini. Hata wazee wa ukoo wa Nganyi kule Bunyore, wajulikanao kwa kusoma dalili za miti, wadudu na pepo, wamepata kukaa pamoja na wataalamu wa idara hiyo wakalinganisha utabiri wao. Je, aligawanya shamba, akapanda nusu kwanza na nusu baadaye? Mambo hayo yanaweza kupimwa siku ile ile ya kupanda, kabla mbingu hazijatoa hukumu yake. Babu wa mkulima huyu, asiyekuwa na redio, aliweza kusema kuwa hakujua. Mjukuu hawezi kusema hivyo kwa urahisi. Ingawa hivyo, utabiri husema juu ya eneo zima, nao husema kwa kadiri ya yamkini. Hauijui ekari yako.

Hoja hii ina makali pande mbili. Mtazame mtu alimaye mpaka kwenye ukingo wa mto, akikata miti iliyoshika udongo. Mwaka wa mvua haba halitokei lolote, na hakuna amsemaye. Mwaka wa mvua kubwa, kama 2018 au 2024, mto hubeba udongo wake, nayo maji ya Nzoia hushuka mpaka Budalang'i na kuingia katika nyumba za watu wasiomjua. Hapo ndipo tunapoanza kumlaumu. Lakini alilolitenda mwaka wa ukame lilikuwa lile lile, na hatia yake ilikuwapo tangu siku ile, ikingoja mvua tu.

Na mkulima wetu wa ekari mbili? Hata tukimwondolea lawama, karo haijalipwa. Asiye na hatia aweza kuwa na deni, na pengine hili ndilo gumu kuliko yote kulieleza kwa mtoto aliyeketi nyumbani wakati wenzake wako darasani. Baba atakwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, na ataomba mbegu kwa mkopo. Mtoto aweza kumwuliza, si kwa nini mahindi yamekufa, ila alijua nini siku ile ya Machi, na alifanya nini kwa yale aliyoyajua. Kisha washike majembe wote wawili, maana Aprili ingalipo, na mawingu yamekwisha kuanza tena kukusanyika juu ya Masaba.