Bastola ya mchezo na karatasi ya kutoka

Katika kikundi chetu cha mjadala, hapa Kenani, vijana wanachagua mada kwa kura. Mara hii kijana mmoja alileta habari aliyoisoma kwenye simu: huko Afrika Kusini watu wenye bastola na bunduki za michezo na za kuwinda walishitaki serikali juu ya leseni, kesi ikafika mpaka mahakama ya juu kabisa. Hajamaliza kusoma, mwenzake akamkata: "Yaya, shiye tulikimbia masasi, bao banashitaki juu ya masasi ya kuchezea?" Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, na ni mimi niliyekuwa msimamizi.

Kesho yake niliitafuta hiyo kesi nikaisoma polepole, kamusi pembeni, maana Kiingereza cha majaji si kile cha shule. Nikaona kwamba swali lililo ndani yake ni letu pia, hata kama hakuna mmoja wetu anayetaka bastola. Mtu akiomba ruhusa na serikali ikamkatalia, ni nani anapaswa kujieleza? Yeye, au serikali?

Sheria ya silaha ya Afrika Kusini ni ya mwaka 2000. Anayelenga shabaha kama mchezo hapewi kwa kusema tu kwamba anaupenda mchezo. Kwanza anapimwa kama anaijua silaha na kama yeye mwenyewe ni mtu wa kufaa, kisha anaomba leseni kwa kila silaha, moja moja. Akitaka kutambuliwa kama mchezaji wa kudumu, lazima awe mwanachama wa chama kinachokubaliwa na serikali. Leseni ya mchezo inadumu miaka 10, ya kujilinda miaka 5. Ombi la kuongeza muda linatakiwa lifike angalau siku 90 kabla ya leseni kwisha. Muda ukiisha na ombi halijapelekwa, ni lazima kusalimisha silaha. Anayebaki nayo nyumbani ana kosa la jinai.

Chama kimoja cha wawindaji kikasema hiyo si haki: mtu aliyesahau tarehe anafanywa mhalifu usiku mmoja, na mali yake inakwenda. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Pretoria ikakubaliana nao. Tarehe 7 Juni 2018 Mahakama ya Katiba ikageuza hukumu hiyo. Jaji Froneman aliandika kwamba katika katiba yao kumiliki bunduki si haki ya msingi, ni ruhusa inayosimamiwa na sheria. Mwenye silaha anaijua tarehe yake na anajua la kufanya ikifika. Basi.

Kwa akili yangu ya kwanza nilisema jaji ana haki kabisa. Halafu nikasoma tena na mwili ukanisisimka kidogo. Karatasi yenye tarehe, na tarehe ikipita mtu anakuwa na kosa hata kama hakufanya jambo lolote: sisi hatuhitaji kwenda Pretoria kuelewa hiyo. Sisi ni watu wa karatasi zenye tarehe. Ukitaka kutoka kambini kwenda sokoni Nchelenge au kumwona ndugu Kawambwa, unaomba pasi. Ukipewa siku tatu ukarudi siku ya nne, wewe ni mkosaji. Basi yule mchezaji wa shabaha tuliyemcheka, malalamiko yake yanafanana na yetu neno kwa neno: sikumdhuru mtu, nanyanganywa kwa sababu ya karatasi.

Je, tuseme tuko sawa naye? Hapana. Nimefikiri sana na nadhani tofauti iko hapa: angalia ni kitu gani mtu anacho kabla serikali haijampa chochote. Miguu anayo. Nilizaliwa nayo, na babu yangu alivuka Luapula akaenda akarudi bila kuuliza mtu. Bastola hakuna anayezaliwa nayo. Anayenizuia kutembea ananiondolea kitu kilichokuwa changu, kwa hiyo ni yeye anapaswa kueleza sababu. Anayeomba bastola anaomba kuongezewa nguvu ambayo jirani yake hana, nguvu ya kuua kwa kidole, kwa hiyo ni yeye anapaswa kueleza. Hata kama ni ya mchezo. Na nasema hivi bila kudharau mchezo wenyewe. Kwenye Olimpiki mtu anasimama mita 10 na bastola ya hewa, mkono mmoja, anatuliza pumzi mpaka moyo wenyewe unamsikiliza. Ni kazi ya nidhamu. Vijana wangu wengi ingewafaa nidhamu ya namna hiyo, bila bastola.

Lakini kusema mwombaji ndiye ajieleze si kusema ofisi inaweza kunyamaza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 47, inasema mtu akiumizwa na uamuzi wa ofisi ya serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mwisho wa 2018 waziri Fred Matiang'i aliagiza raia wote wenye leseni za bunduki wakaguliwe upya. Serikali inaweza kuamuru hivyo, na mimi ningefanya vilevile. Ila yule anayenyimwa baada ya kukaguliwa, aambiwe kwa nini, naye apewe nafasi ya kujibu. Kukosa haki ya kitu si kukosa haki ya jibu. Hayo ni mambo mawili, na ofisi nyingi zinapenda kuyachanganya.

Kesi ngumu kabisa ni ya Uingereza. Tarehe 13 Machi 1996, katika mji wa Dunblane, Scotland, mtu aliingia shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola zake zilikuwa na leseni. Alikuwa mtu wa klabu za shabaha. Mwaka 1991 polisi mmoja alikuwa ameandika kwa wakubwa wake akiomba leseni hiyo ifutwe, haikufutwa. Jaji Cullen, aliyechunguza, alipendekeza njia za katikati, kwa mfano silaha zisikae nyumbani zikiwa kamili. Bunge likaenda mbali zaidi: kufika mwisho wa 1997 karibu bastola zote za raia zilikuwa zimepigwa marufuku, hata zile ndogo za mashindano. Wenye kuzisalimisha walilipwa fidia. Mfanyabiashara wa silaha wa Liverpool alikwenda mpaka mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, na mwaka 2000 ombi lake likakataliwa.

Maelfu ya watu waaminifu walilipa kwa dhambi ya mtu mmoja. Hapo ndipo mjadala wetu uliwaka. Msichana mmoja alisema hiyo ndiyo adhabu ya kundi, ile ile tunayoilalamikia kijana mmoja akiiba na wote tunaitwa wezi. Mama mmoja, muuza samaki aliyekuwa amekaa nyuma tu kusikiliza, akamjibu. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, Ziwa Mweru linafungwa. Mwenye wavu wa halali anafungiwa sawa na yule anayekokota chandarua cha mbu. Je, ameadhibiwa? Hapana, ziwa limechoka.

Jibu hilo ni zuri kuliko yote niliyosoma. Adhabu inasema wewe ni mkosaji. Kufunga ziwa hakusemi hivyo. Serikali ikinifungia bila kuniita mwizi, naweza kuvumilia. Ila mfano wa mama una tundu: mwezi wa Machi ziwa linafunguliwa, bastola za Waingereza hazikufunguliwa. Isipokuwa, na hapa naudhika, mwaka 2012 walipokuwa wenyeji wa Olimpiki, wakatoa ruhusa maalum ili mashindano yafanyike. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wachezaji wao walikuwa wakienda nchi za nje kufanya mazoezi. Kama hatari ni kubwa hivyo, mbona inaweza kulegezwa kwa ajili ya sifa ya taifa? Rafiki yangu anasema ruhusa fupi chini ya ulinzi si kitu kimoja na bastola kabatini. Labda.

Yule aliyecheka wa kwanza hakuridhika. Alisema leseni zinamkamata tu anayekuja ofisini. Kwetu Kongo sheria ya silaha ipo tangu 1985, na waliotufukuza hawakuonyesha mtu leseni. Kweli. Lakini muzee mmoja wa bloku yetu, aliyetoka upande wa Pweto, alisimulia jambo. Yeye alikuwa na gobori la kuwinda, lenye kibali, alilipia kila mwaka. Watu wenye silaha walipofika kijijini, nyumba ya kwanza waliyoulizia ilikuwa yake. Hawakutaka mbuzi. Walitaka gobori. "Kibali changu kilikuwa mfukoni," alisema, "na banduki yangu ilikuwa mbele yao, inatembea nao." Alisikia baadaye ilifanya nini, nasi hatukumuuliza.

Tangu hapo siwezi kusema bastola ya mchezo ni jambo la mwenyewe na klabu yake tu. Mwenye nayo ni mwema, sawa. Je, mlango wake nao ni mwema? Na serikali iliyoandika leseni, itakuwa pale usiku huo?

Kijana aliyeleta habari hakusema mengi siku hiyo. Kumbe mwezi uliopita aliomba pasi ya kwenda kumwona shangazi yake mgonjwa, ofisi moja ikamkatalia bila neno. Baada ya mjadala alikuja na daftari. Hakutaka kuomba pasi tena, shangazi ameshapona. Alitaka kuandika barua ya kuuliza sababu. Aliiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nami nikamsaidia kuiweka kwa Kiingereza. Tuliipeleka Jumatatu. Mpaka naandika haya, hajajibiwa.