Ghadhabu na Udhuru wa Damu

Hutokea mtu akampiga mkewe au akamjeruhi jirani yake, na watu wa kwao wakamtolea udhuru: "Ndiyo damu yao, babu yake alikuwa vivyo hivyo." Udhuru huu ni wa kale, na katika zama zetu umepata wataalamu wa kuutia nguvu. Basi na tuutazame kwa insafu.

Mwaka 1963 Konrad Lorenz, mtaalamu wa wanyama wa Austria, alitoa kitabu akidai kwamba ukali ni katika asili ya mwanadamu kama ulivyo kwa mnyama, nao hujikusanya ndani hata ukatafuta pa kutokea. Miaka miwili kabla yake, huko Marekani, Albert Bandura aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga sanamu la mpira; nao walipoachwa nalo walimuiga, hata maneno yake. Huyu asema asili, yule asema mafunzo.

Mwaka 1993 ikatoka khabari ya ukoo mmoja wa Uholanzi. Baadhi ya wanaume wake walikuwa wakali kupita kiasi, na miilini mwao kilikosekana kitu ambacho kazi yake ni kuvunjavunja baadhi ya kemikali za ubongo. Wenye udhuru walifurahi, wala hawakungoja khabari ya pili. Mwaka 2002 ulitangazwa uchunguzi wa watoto wa New Zealand waliofuatwa tangu kuzaliwa. Wavulana waliorithi kitu hicho kwa uchache, nao wakateswa utotoni, ndio waliozidi ujeuri ukubwani; waliokirithi hivyo hivyo wakalelewa kwa amani hawakuwazidi wenzao.

Sharia imemwondolea lawama mwendawazimu kwa kuwa akili imemtoka. Lakini huyu wetu mwenye damu kali, mbona hampigi askari? Mbona kwa tajiri wake huinamisha kichwa, na afikapo nyumbani damu ikachemka? Ghadhabu ijuayo kuchagua wa kumpiga haijatokwa na akili. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha na mbwa wa mwindaji: hauawi, bali hufunzwa kumtii mwenyewe.

Limebaki jambo la bakora, majumbani na vyuoni. Baba aliyemrithisha mwanawe damu hiyo, kisha akampiga kila siku kwa hoja ya kumtoa ukali, na atueleze: mtoto huyo ajifunza nini, na kwa nani?