Silaha Iliyotengenezwa Nyumbani

Siku hizi twasikia mataifa yakijisifu kwamba makombora yao wameyatengeneza wenyewe, wala hawakuyanunua kwa wageni. Mwaka 2022 Waukraine waliizamisha manowari Moskva kwa makombora ya Neptune, kazi ya mafundi wao. Twajiuliza: je, silaha ya nyumbani ina haki kuliko ya kununuliwa?

Nchi yetu iliyaona haya zamani. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilipozama mtoni Rufiji, mizinga yake kumi iliopolewa, ikatiwa magurudumu katika karakana za Dar es Salaam. Ilitengenezwa hapa, ingawa bwana wake alikuwa mgeni. Ufundi ule haukuwa mdogo. Lakini magurudumu hayakujivuta. Wapagazi kwa mamia waliyakokota porini. Novemba 1917 jeshi likapita Newala kwenda Ruvuma, likila chakula cha wenyeji njiani. Sisi wa Tandahimba, ambao mama zetu walipandisha maji kichwani kutoka mabondeni, twajua mzigo humlemea nani.

Hatusemi taifa lisijilinde. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na watu kutoka ng'ambo, wenzetu wakauawa. Kinga yatupasa.

Hata hivyo, silaha ya kununuliwa hutuachia mtu wa kumlaumu, yaani aliyeiuza. Ya nyumbani hutuondolea udhuru huo: fundi ni wetu, na fedha ni zetu. Basi hatuna budi kuuliza mapema, kabla chuma hakijayeyushwa, italengwa kwa nani, na nani ataibeba. Wapagazi wa mwaka 1917 hawakuulizwa neno.